Majani yameungua, mti je? Kukagua miche ya parachichi baada ya barafu

Kila ikifika mwezi wa nane simu yangu inajaa picha za aina moja tu. Mche wa parachichi, majani yote kahawia, udongo mkavu, kidole cha mtu pembeni kinaonyesha, na chini ya picha swali: "Kaka huu ushakufa au niusubirie?" Nusu ya wanaouliza wako Dar au Dodoma, picha wametumiwa na kijana wa shamba, si mnajua tena kilimo cha simu. Na mimi jibu langu huwa lilelile, usiung'oe kwanza, niambie majani bado yananing'inia au yamepukutika? Hapo mtu anahisi namkwepa, yeye kauliza ndiyo au hapana mimi namletea habari za majani. Sasa nimeona niyaweke yote sehemu moja, anayetaka asome, manake kuandika haya mambo wasap kwa kidole gumba kila siku nimechoka.

Kwa wasiopajua huku kwetu, Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane baridi yake sio ile ya Dar ambayo mtu anavaa sweta nyuzi 22 na kulalamika. Kuna asubuhi unatoka nje nyasi nyeupe, maji ya kwenye ndoo yameshika barafu juu, ukikanyaga majani yanalia chini ya kiatu. Kule Makete juu Kitulo ndo usiseme. Wanaolima viazi kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi, hii kitu wanaijua miaka yote, viazi vikiungua unavuna vidogo mapema au unapanda upya, maisha yanaendelea. Ila parachichi ni hesabu nyingine kabisa. Kiazi ni miezi mitatu minne umemaliza, parachichi unapanda leo unategemea kuanza kuonja mwaka wa tatu au wa nne, na mche wenyewe umeununua, umechimba shimo, umetafuta samadi, umelipa vibarua, umeweka uzio. Na tangu soko lifunguke, 2022 China nayo ikasaini kupokea parachichi zetu, kila mwenye kipande cha ardhi kaingia, wengine wamepanda mpaka bondeni kabisa kwa sababu maji yako jirani. Na bondeni ndiko baridi inakolala.

Nieleze hapo kidogo kwa sababu ukilielewa hili hata ukaguzi wako unakuwa rahisi, unajua uanzie wapi. Barafu ya huku haianguki kutoka juu. Mchana ardhi inapata joto la jua, usiku inalitoa, mawingu yakiwepo yanalirudisha na upepo ukiwepo unachanganya hewa ya juu na ya chini, lakini usiku ambao nyota zote unaziona na hakuna jani linalotikisika, joto lote linaenda zake angani na hewa iliyogusa ardhi inapoa. Hewa ya baridi ni nzito. Inateremka polepole usiku kucha kufuata mteremko, ikikuta kizuizi inatulia hapohapo inajaa. Shamba letu liko mteremkoni na barabara ya mtaa inalikata katikati. Mwaka huu miche ya juu ya barabara iliungua ncha tu, ya chini ya barabara ni habari nyingine, na mistari miwili ya mwisho inayopakana na uzio wa miti iliyofungana ndo imeliwa kuliko yote, hewa ikishafika pale haina pa kutokea. Mtu akiniuliza kama atoboe uzio wa upande wa chini namwambia toboa, acha uwazi hewa ipite, hata kama mbuzi wa jirani watakusumbua.

Kwa hiyo ukienda kukagua anzia chini. Ukikuta mistari ya chini imesalimika, ya juu huna haja hata ya kuinama.

Na asubuhi yenyewe ya barafu usihukumu kitu. Jua likipanda kwenye saa mbili saa tatu barafu inayeyuka, na hapo ndo unaona majani yanalegea na kuwa meusimeusi yenye maji kama mchicha uliochemshwa, kesho yake yashakuwa kahawia. Maji ya ndani ya jani yameganda, seli zimepasuka, jani halina kazi tena. Yanatangulia yale machanga yenye rangi ya wekundu, halafu ya juu, halafu ya upande uliokuwa wazi. Yaliyojificha chini au yaliyofunikwa na jani jingine mara nyingi yanabaki na kijani. Sura inatisha, hilo sikatai. Lakini jani sio mti, jani ni nguo ya mti, na kilichopigwa usiku ule ni vitu vitatu tofauti: jani ni jembamba linapoa haraka sana, shina ni nene linachelewa, na mizizi iko ndani ya udongo ambako baridi ya usiku mmoja haifiki.

Halafu kuna suala la aina ya parachichi, Hass au Fuerte. Hass iliyokomaa inaweza kuvumilia mpaka nyuzi kama 2 chini ya sifuri kwa muda mfupi, ila mche wa miezi sita hauna huo ubavu, ukigusa sifuri tu tayari unalia. Fuerte ni ngumu zaidi, ina damu ya milima ya Mexico. Vikonyo vyake, yaani vijiti vya kubebesha kwenye shina jingine, vilichukuliwa Atlixco kule Mexico mwaka 1911 vikapelekwa California, na baridi ya 1913 ilipopiga bustani za kule wenzake wakateketea yenyewe ikabaki imesimama, ndo umaarufu wake ulipoanzia. Hass imekuja baadaye, mbeba barua mmoja wa posta kule California, Rudolph Hass, aliisajili 1935, na tunaipenda kwa sababu ya soko na ganda lake gumu linalovumilia safari, sio kwa sababu inapenda baridi. Huku watu wengi wanachomeka Fuerte chache katikati ya Hass kwa ajili ya uchavushaji. Sasa mtu anaenda shambani anakuta mche wa kwanza kuuona una majani ya kijani anashangilia kumbe ni Fuerte, na wa Hass wa pembeni yake amekauka. Angalia aina kwanza ndo uhesabu.

Dada yangu yuko Dar na shamba ni letu wote wawili, hivyo picha za siku ile lazima nimtumie. Akapiga hapohapo.

"Mdogo wangu, hela yetu imeenda?"

"Hapana dada, majani ndo yameenda."

"Sasa yule wa kitalu kaniambia miche anayo na inaisha. Tununue lini?"

"Dada, ngoja mwezi wa tisa uingie."

Kimya. Halafu: "Wewe nawe kila kitu ngoja."

Namuelewa. Lakini kungoja hapa sio uvivu. Wiki ya kwanza baada ya barafu hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia mche umekufa mpaka wapi. Kuna tawi linaonekana zima leo, wiki tatu mbele linanyauka kuanzia ncha kushuka chini kwa sababu njia zake za maji ziliharibika ila bado kulikuwa na akiba ndani. Kuna shina linaonekana kuni kabisa halafu jua la mwezi wa tisa likianza kuwaka unakuta pembeni kijichipukizi kidogo cha saizi ya punje ya mchele. Ukikata mapema utakata pungufu au utakata vilivyo hai. Na wauza miche bana ile wiki wanaipenda kweli, sisemi wana nia mbaya, kila mtu na biashara yake, ila usinunue kwa hofu.

Haya sasa, majani. Hii ndo dalili ya kwanza na wengi wanaisoma kinyumenyume. Mtu akikuta majani makavu yamepukutika yote chini, mche uchi, anapiga kelele umekufa, na akikuta majani makavu yameng'ang'ania kwenye tawi anasema afadhali huu una majani. Ni kinyume! Ili jani lidondoke, tawi lazima liwe hai, kuna sehemu pale jani linaposhikia ambapo mti wenyewe unajenga ukuta na kuliachia jani liende, hiyo ni kazi na kazi inafanywa na aliye hai. Tawi lililokufa ghafla halina wa kuliachia jani, kwa hiyo jani linakaukia palepale na linaweza kuning'inia miezi. Kwahiyo ukikuta mche uchi na majani chini, tulia, hiyo ni habari njema. Ukikuta majani ya kahawia yamening'inia, ukiyavuta kwa vidole hayatoki kirahisi, basi kipande hicho cha tawi andika kimeenda. Kipande hicho, sio mti wote. Mara nyingi utakuta mche mmoja una yote mawili, juu yamening'inia na chini yamepukutika, na pale yanapobadilikia ndo karibu na mpaka wa uhai wenyewe.

(Mwenye miche ya epo, plamu au pichesi haya ya majani hayakuhusu. Ile miti kawaida yake inavua majani kipindi cha baridi na inalala, ukiikuta uchi mwezi wa saba iache ilale. Kuna mtu aliniambia anataka kung'oa epo zake zote kumbe ziko usingizini.)

Kabla hujatoa kisu mfukoni, shika shina karibu na udongo utikise taratibu. Mche ulioungua na barafu umeshika chini kama kawaida. Ukikuta unayumba, ukivuta kidogo unakuja wote mkononi na chini hauna mizizi, hiyo sio barafu hiyo ni fuko, katafuna mizizi chini kwa chini wewe unalaumu hali ya hewa. Huku kwetu fuko wanamaliza miche mingi tu na wengi hawagundui kwa sababu msimu ni uleule. Angalia pia mchwa kwenye gamba, hao wanapenda sana mti uliodhoofika. Na kiu nayo. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja hakuna maji ya kueleweka, mche wa kiu unalegea siku nyingi, ukingo wa majani unakauka taratibu kuelekea ndani, juu na chini sawasawa. Barafu haina taratibu, jana kijani leo kahawia, na inachagua upande. Ukimuuliza kijana wa shamba "yalibadilika lini?" akakuambia "pole pole tu bosi" basi tatizo liko kwenye ndoo ya maji, sio kwenye anga.

Sasa kukwangua. Wembe au kisu kidogo, kifute na spiriti au Jiki ili usihamishe ugonjwa kutoka mche mmoja kwenda mwingine, au tumia tu ukucha kwa mche mdogo, gamba lake bado laini. Unaanzia juu kabisa kwenye ncha, unakwangua kidonda kidogo kama nusu ya punje ya mahindi, upande mmoja tu wa shina, usizunguke maana ukizunguka umeuvua gamba na sasa ndo unaua wewe. Unatafuta ile ngozi ya pili, chini ya gamba la nje kabla ya mti mgumu. Ikiwa kijani inayong'aa kwa unyevu, hai. Ikiwa kahawia kavu, imekufa. Ukikuta rangi ya asali, maji maji kidogo lakini sio kijani, hapo bado kesi inaendelea, rudi baada ya wiki mbili tatu.

Kuna mche mmoja mstari wa mwisho kabisa pale kwenye uzio ambao kwa macho kila mtu angeung'oa. Urefu wa magoti, majani yote ya juu yamekaukia mtini, ncha nyeusi ukiikunja inakatika kwa mlio. Nikakwangua juu, kahawia. Nikashuka kiganja kimoja, kahawia. Nikashuka tena, ile rangi ya asali, na hapo pembeni ya ufa mdogo kwenye gamba kulikuwa na unga mweupe umeganda. Vijana wakaona ule unga wakasema ukungu huo, tupige dawa. Sio ukungu. Parachichi ukilijeruhi linatoa utomvu wenye sukari, ukikauka unabaki unga mweupe, ni kidonda kinachoonekana, hakuna cha kupigia dawa pale, na mti uliotoa utomvu ulikuwa na utomvu wa kutoa. Nikashuka vidole vinne hivi chini yake nikakwangua: kijani, mbichi, kidole kikalowa. Na kutoka pale mpaka pale ulipoungwa kulikuwa bado na nafasi ya kiganja kizima chenye vijicho vya kuchipulia. Nikafunga uzi mwekundu pale kijani kilipoanzia nikaendelea na mwingine. Huo uzi ni muhimu, ukirudi mwezi unaofuata unaona kama mpaka umeshuka au umesimama palepale, bila uzi utabaki unakumbuka kumbuka tu.

Hapo nimegusa neno kuungwa na hapa ndo penyewe, ukisahau yote niliyoandika shika hili. Mche wa Hass ni miti miwili. Chini kuna shina la kienyeji lililooteshwa kwa mbegu, juu kuna kikonyo cha Hass kilichobebeshwa, na pale walipokutana kuna uvimbe au kona kwenye shina, kwa mche mchanga wakati mwingine plastiki ya kufungia bado ipo. Swali la "mti umepona?" maana yake halisi ni "kuna kijani JUU ya hicho kiungo?" Kukiwa na hata vidole vitatu vya kijani juu ya kiungo na jicho moja zima, una mti wa Hass, utachipua na kwa sababu mizizi yake ishashika unakimbia kuliko mche mpya. Kijani kikiishia chini ya kiungo, Hass yako imekufa, hata kama shina linachipua msitu mzima.

Na linachipua kweli! Mizizi ilikuwa na akiba ya chakula cha mti mzima, juu hakuna pa kukipeleka, inasukuma machipukizi chini manne matano kwa mpigo, mekundu, mazuri, yana afya kuliko kitu chochote shambani. Mzee jirani yangu alipita akayaona akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona huu umefufuka, machipukizi kibao."

"Mzee hayo yametokea chini ya kiungo."

"Si parachichi hayohayo?"

"Ni parachichi ndiyo, ila la kienyeji. Wanunuzi wa nje hawalichukui."

"Sisi si tunakula?" akacheka akaenda zake na jembe lake begani.

Mzee ana hoja yake, kienyeji ni tamu na ukiacha mmoja wa nyumbani hukosei. Lakini ukiacha shamba zima lijiotee hivyo utakuja kushtuka mwaka wa tano matunda yanatoka ya kila umbo na mnunuzi anageuza gari. Ukikuta kiungo kimekufa na chini yake kuko hai, una njia mbili. Moja kung'oa na kupanda mpya. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, chagua chipukizi moja lenye nguvu lililonyooka, mengine yaondoe, likifika unene wa penseli muite fundi wa kubebesha aweke kikonyo cha Hass hapohapo shambani. Mafundi wapo wengi sasa hivi huku, gharama yake sio ya mche mpya, na mizizi yako ishakaa msimu mzima ardhini. Kama juu ya kiungo kuna uhai na chini pia kuna machipukizi, ya chini toa yote mara tu unapoyaona, kwa kidole yakiwa bado laini, yanamnyonya mwenzake wa juu na kienyeji akishindana na Hass kienyeji anashinda.

Wakati wa kungoja kuna vitu vya kufanya na vya kutofanya, na watu wanapenda sana vya kutofanya. Mbolea usiweke. Najua mkono unawasha, dukani watakuuzia na busta ya majani wakati mti hauna majani, sijui busta inaingilia wapi. Mti uliopoteza majani hauna kiwanda, ukiumwagia mbolea chumvi inakaa tu kwenye udongo inachoma mizizi iliyobaki. Subiri mpaka majani mapya yakomae yawe kijani kweli. Maji nayo punguza, mwenye majani kumi anakunywa zaidi ya asiye na jani, shika udongo kwa mkono chini kidogo, ukiwa na unyevu ondoka. Mizizi ya parachichi ikikaa kwenye maji inaoza, na ule mti mama wa Hass kule California ulikufa 2002 kwa kuoza mizizi, sio kwa baridi, kwahiyo kuna watu wanauokoa mche na barafu halafu wanauzamisha.

Kitu ambacho wengi wanasahau ni jua. Mche ulizoea kivuli cha majani yake, sasa uko uchi na jua la mwezi wa tisa na wa kumi huku juu linachoma kweli hata kama hewa ni ya ubaridi. Gamba la upande wa jua linababuka, linapasuka, na tawi lililopona barafu linakufa kwa jua. Dawa yake ni nyeupe. Rangi ya maji nyeupe ya ukutani ukichanganya nusu kwa nusu na maji, au chokaa, pakaa shina na matawi yaliyobaki, sio rangi ya mafuta tafadhali. Shamba litaonekana la ajabu, watu watauliza kama kuna mgeni rasmi anakuja, wewe pakaa.

Kukata ni mwisho kabisa. Machipukizi mapya yakishatoka na kukua, mti wenyewe umekuonyesha mpaka uko wapi, unakata juu kidogo ya chipukizi la juu lenye nguvu, kwa mshazari, basi. Wale wa kusafisha shamba lionekane smati mwezi wa saba ili wapige picha, mimi huwa siwaelewi. Vile vikavu vibaya vya juu hata vinasaidia, barafu nyingine ikija wiki ijayo vinakinga kidogo vya chini.

Kuhusu kuzuia ya mwakani nitapita haraka maana ni habari ndefu. Moshi hausaidii kama watu wanavyodhani, joto la ardhi linapita katikati ya moshi linaondoka, kinachosaidia ni moto wenyewe na kwa shamba lote utachoma kuni ngapi, na wanaochoma matairi wanatuua mapafu bure. Kinachofanya kazi ni kufunika: kibanda kidogo cha nyasi au mabua ya mahindi, au kiroba juu ya vijiti vitatu, ila kisiguse majani, na nailoni ikilala juu ya jani inaliunguza vizuri tu. Udongo wenye unyevu unashika joto la mchana kuliko mkavu, kwahiyo mwagilia mchana kabla ya usiku unaoutilia shaka. Na matandazo, hapa mimi na bwana shamba wetu tunavutana kila mwaka, yeye anasema usiyaguse na kwa kutunza maji yuko sahihi, lakini nyasi nene juu ya udongo zinazuia jua kuupasha, usiku hauna cha kurudisha. Mimi mwezi wa tano nayavuta pembeni ya mche nayarudisha mwezi wa tisa. Na samadi ya mwisho isivuke mwezi wa tatu, ukirutubisha wa nne wa tano mche unaingia baridini umejaa majani laini mekundu na hayo ndo yanayotangulia kuungua.

Mwezi wa tisa ulipoisha nilimtumia dada picha tena, safari hii za nyuzi nyekundu na machipukizi, na hesabu. Miche ya juu ya barabara yote mizima. Ya chini ya barabara mingi imechipua juu ya kiungo, mingine inamsubiri fundi wa kubebesha mvua zikianza, na michache imeenda kabisa, miwili kati ya hiyo fuko. Akasoma akaandika "kwahiyo yule wa kitalu nimwambieje?" Nikamwambia mwambie tunachukua kidogo, na Fuerte ziwepo. Mistari miwili ya kwenye uzio hatuweki Hass tena, hapo tumekubaliana. Yeye anataka tupande epo, anasema zinapenda baridi, mimi namwambia zinapenda baridi zikiwa zimelala ila barafu ya mwezi wa nane ikikuta zishatoa maua unabaki na miti mizuri isiyo na tunda, bora viazi. Amesema niache ubishi nimtafutie bei ya miche ya epo.